Niliposema Nimesikia

Baba mdogo alipiga simu nikiwa nafumua kola ya shati nililokuwa nimelishona asubuhi. Kola yenyewe haikuwa na kasoro ambayo mteja angeiona. Ncha ya kushoto ilikuwa imeizidi ya kulia kwa upana wa uzi, basi. Lakini mimi nilikuwa nimeiona, na nikishaona siwezi tena kuacha. Nalisema hili mapema ili msomaji asitarajie kwamba katika habari hii nitafanya jambo lolote kwa haraka.

"Mwanangu," alisema baba mdogo, "lile shamba lako la mianzi. Unasemaje?"

Lile shamba ni kipande kidogo cha mteremko nyuma ya nyumba ya bibi, mama yake baba, katika kijiji kimoja cha upande wa Kilolo, juu ya mji wa Iringa. Lilikuwa fungu la baba yangu. Baba alipofariki, bibi alitamka mbele ya ukoo kwamba ni langu, mimi mtoto wake wa pekee, ingawa wakati huo nilikuwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Tangu hapo nimemaliza kidato cha nne, nimehamia Mbeya, nimepanga chumba mtaa wa Soweto na nusu ya fremu katika soko la Mwanjelwa ninakoshonea nguo. Shamba limebaki kuwa langu kwa jina na la bibi kwa kila kitu kingine.

Bibi ndiye anayegema ulanzi humo. Kwa asiyetoka kwetu, mvua zikianza mianzi huchipua, na chipukizi likikatwa ncha hutoa maji matamu. Unaifunga hapo mbeta, kipande cha mwanzi kilicho wazi kama kikombe kirefu, na ukirudi asubuhi unaikuta imejaa. Ukinywa siku hiyohiyo ni kama juisi. Ukiuacha unachacha, unakuwa pombe. Kwetu kugema ni kazi ya wanaume, lakini babu alipofariki bibi alichukua kisu chake akaingia shambani, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Msimu mzima wa mvua, alasiri, wazee wa jirani huja kwake. Hukaa uani, hunywa polepole, hubishana kuhusu mambo yaliyokwisha kabla mimi sijazaliwa. Giza likikaribia huondoka, na bibi hulala akiwa amesikia habari za kijiji kizima bila kutoka kwenye kiti chake.

Baba mdogo alitaka tuing'oe mianzi tupande parachichi. Hakuwa na tamaa mbaya, naomba hilo lieleweke. Mlima wote ule unageuka kuwa parachichi. Yeye na majirani wameunda kikundi, wameagiza miche pamoja, na wanataka kuvuta mpira wa maji kutoka kwenye chemchemi ya juu. Kipande changu kiko katikati kabisa. Bila hicho, mpira ungelazimika kuzunguka korongo.

"Nipe muda kidogo, baba, nifikirie," nilimwambia.

"Fikiria. Lakini mimi siwezi kuiambia mvua isubiri kwa kuwa binti yangu anafikiria."

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Karibu kila ninachokijua nimejifunza mwenyewe. Kushona nilijifunza kwa kununua mitumba na kuifumua mshono mmoja baada ya mwingine, nione aliyeishona alikuwa anawaza nini. Zipu ya kuficha nilijifunza kwenye simu, kwa mwanamke anayezungumza lugha nisiyoielewa, nikimtazama vidole tu. Kukata suruali nilijifunza kwa kuharibu. Kwa hiyo niliona kuamua nako ni ufundi kama ufundi mwingine: wapo wanaoujua, wameuweka kwenye simu, nami nikikaa nao vizuri nitaujua.

Nikatafuta. Nikampata mtu mmoja aliyevaa tai, anayeongea kwa upole mno. Chora mstari katikati, alisema. Kushoto andika faida, kulia andika hasara. Kila moja ipe alama, kuanzia moja hadi kumi. Jumlisha. Upande uliozidi ndio uamuzi wako. Nilipomaliza kumsikiliza nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake una jina.

Nilichora mstari kwa chaki kwenye meza ya kukatia. La kwanza kuandika upande wa faida lilikuwa "Bibi atapumzika". Msimu uliopita aliteleza kwenye majani mabichi ya mianzi akavunjika kiwiko, na mkono ulipopona haukunyooka vizuri. Bado anapanda huko na mkono huo. Nikatoa alama nane. Kisha nikakumbuka jinsi alivyokuwa wakati mkono uko kwenye plasta: amekaa mlangoni, amenuna, anagombana na kuku, anauliza kila anayepita kama wazee fulani ni wazima, na wazee hawaji kwa sababu hakuna cha kunywa. Nikaenda upande wa hasara nikaandika maneno yaleyale: "Bibi atapumzika". Nikatoa tisa. Nikaona tisa ni upendeleo, nikafuta nikaandika nane. Sasa sentensi moja ilikuwa imejiua yenyewe pande zote mbili, na yule mtu wa tai hakuwa ameeleza mtu afanye nini hapo.

Nusu nyingine ya fremu ni ya mama mmoja wa kutoka Rungwe anayeuza vitenge. Alinitazama kwa muda, mikono kiunoni.

"Fundi, hiyo meza ni ya kukatia au ya hesabu?"

"Naamua jambo, dada."

"Tangu juzi?"

"Ni jambo kubwa."

"Na vifungo vya blauzi yangu navyo vilikuwa jambo kubwa? Ulinizungusha soko zima kutafuta rangi ambayo shemeji yako hata hakuiona."

"Shemeji hata blauzi yenyewe hakuiona."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Hilo kweli. Ndaga." Ndaga kwao ni asante na ni pole, na siku ile sikujua ananipa ipi.

Nilimweleza habari yote, kisha nikamwuliza angekuwa yeye angefanya nini.

"Ningepanda," alisema. Akafikiri kidogo. "Au ningeacha. Lakini saa hizi ningekuwa nauza vitenge, siyo kuandika meza."

Mteja wake mmoja akaja akatandaza kitenge juu ya meza yangu ili akione vizuri, akakikunjua, akakigeuza, akakilaza tena. Kilipoondolewa, faida na hasara zilikuwa zimechanganyika kuwa vumbi moja jeupe. Nilichukua kitambaa kibichi nikafuta meza, nikachora mstari upya. Jirani yangu aligeukia ukutani ili nisimwone uso.

Nilimpigia bibi. Nilidhani yeye ndiye mwenye jibu, na kwamba mimi kazi yangu ni kulipokea tu.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mke mwenzangu. Huko mnakula?" Hivyo ndivyo anavyoniita kwa utani, kwa kuwa kwetu mjukuu wa kike huhesabiwa kuwa mke wa babu.

"Tunakula. Bibi, kuhusu ile mianzi."

"Shamba ni lako."

"Najua ni langu. Wewe unaonaje?"

"Naona ni lako."

"Bibi."

"Umeniuliza naonaje. Macho yangu mabovu, lakini hilo naliona."

Ningemsamehe kama angekuwa mtu wa kukaa kimya. Lakini bibi yangu ana maoni kuhusu nywele zangu, kuhusu mahubiri ya Jumapili, kuhusu namna majirani wanavyofunga mbuzi wao. Aliwahi kunieleza kwa kirefu kwa nini sipaswi kunywa maji ya chupa. Katika jambo moja tu maishani, lile ambalo nilimhitaji aseme, aliamua kuwa mtu wa heshima anayejua mipaka yake.

Basi nikaendelea kutafuta. Nilisoma kuhusu udongo. Nilisoma kuhusu baridi ya usiku na miche inayoungua kwa umande ulioganda. Mmoja alisema miti huzaa mapema, mwingine akasema wasiojua ndio wanaosema hivyo. Video moja ilionyesha mkulima amesimama mbele ya nyumba mpya ya bati jekundu, nyingine ilionyesha mkulima anamwagia ng'ombe matunda kwa sababu mnunuzi hakuja. Niliwaamini wote wawili. Kila nilipopata jibu moja nilijikuta na maswali mawili mapya, na niliyaona maswali hayo kama dalili kwamba nafanya kazi yangu vizuri.

Nitakiri jambo ambalo hata kulifikiria kunanikera. Kitambaa ambacho hakijakatwa ni gauni lisilo na kasoro. Nikiwa nimekiweka mezani, nimekipiga pasi, nimeshika mkasi lakini sijakata, hakuna fundi Tanzania nzima anayenishinda. Kasoro zinaanza mkasi unapogusa kitambaa. Ndivyo nilivyokuwa na shamba lile. Maadamu sijasema kitu, bibi alikuwa na wazee wake na mkono mzima, na baba mdogo alikuwa na maji yake na parachichi zake, na mimi nilikuwa mjukuu mwema kwa wote. Sikuwa napima. Nilikuwa nashikilia mkasi.

Baba mdogo alipiga tena siku ambayo mlango wa pili kutoka kwetu walikuwa wameweka spika ya kutangaza viatu. Nilibana simu kwa bega huku mguu uko kwenye cherehani. Alizungumza sana. Miche imefika. Vijana wa kazi amewapata. Wanaanza upande wa juu, kwa majirani, kisha wanashuka, na wakishuka watafika kwangu. Viatu vya ngozi, viatu vya shule, ilisema spika. Baba mdogo aliongeza jambo kuhusu mashimo ambalo sikulishika vizuri.

"Sasa usije ukasema hukuambiwa," alimaliza. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Akakata simu. Nikarudi kwenye mshono wangu nikiwa na nafuu kubwa, kwa kuwa hakuwa ameniuliza swali.

Kila mtu aliyelelewa na wakubwa anaijua hiyo umesikia. Mama anakuambia nenda kachote maji, umesikia? Unasema nimesikia, na ukishasema hivyo ndoo iko mkononi. Haimaanishi kwamba sauti imefika sikioni. Nimeijua tangu sijaanza kutembea. Lakini siku ile, katika kelele za Mwanjelwa, mimi niliyekaa miezi nikipima kama neno "atapumzika" ni zuri au baya, nilisema nimesikia nikiwa na maana kwamba nimesikia.

Picha ilikuja kwenye kundi la familia. Baba mdogo amesimama na panga, nyuma yake anga. Nilichukua muda kuelewa kilichonishtua. Nyuma ya nyumba ya bibi hakujawahi kuonekana anga. Chini mianzi ilikuwa imelala, mingi, imeelekea upande mmoja kama watu waliolala chumba kimoja. Chini ya picha aliandika: Kazi inaenda vizuri, tunamshukuru binti yetu kwa moyo wake. Shangazi wote walikuwa wameshaweka vidole gumba.

Kesho yake nilipanda basi la Iringa, na njia nzima nilikuwa naandika kichwani hotuba. Ilipofika Makambako ilikuwa nzuri. Ilipofika Mafinga nilikuwa nimeirekebisha mpaka haina tena sentensi hata moja ninayoweza kuisema kwa mkubwa.

Baba mdogo alinipokea shambani. Alikuwa amefurahi kweli, jambo ambalo lilizidi kunichanganya.

"Umekuja kuona kazi, mwanangu."

"Shikamoo, baba. Nani alisema ikatwe?"

"Marahaba. Wewe."

"Mimi sikusema."

"Nilikuuliza umesikia, ukasema umesikia."

"Nilisikia, baba. Sikukubali."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa Kichina. Vijana wawili waliokuwa na majembe waliacha kazi wasikilize vizuri zaidi.

"Baba yangu mimi aliponiuliza umesikia," alisema taratibu, "hakuwa ananipima masikio."

Kijana mmoja alikohoa ili asicheke.

"Nilikuwa bado nafikiria."

"Tangu maharage hayajavunwa. Maharage tumevuna, tumekula, tumebakiza mbegu. Kama ulikuwa hutaki ungesema hutaki. Mimi ningekasirika siku mbili, basi, ningezungusha mpira."

Hilo liliniudhi kuliko mianzi yenyewe. Nilitaka awe mkorofi. Nilitaka awe amefanya makusudi, ili hasira yangu ipate pa kukaa. Lakini alikuwa amefuata Kiswahili kama kilivyo, na mimi ndiye niliyekifumua.

Nilikwenda jikoni kwa bibi. Alikuwa anapuliza moto, ule mkono uliopinda ameuweka kwenye paja.

"Kwa nini hukuwazuia?"

"Kaa kwanza. Umeingia kama askari."

Nikakaa. "Kwa nini hukuwazuia, bibi?"

"Waliniambia umekubali."

"Ungenipigia ukaniuliza."

"Nikuulize kama umekubali ulichokubali?" Akasukuma kuni ndani. "Mianzi niliionea huruma. Lakini nilifurahi kidogo."

"Ulifurahi?"

"Nikasema, mke mwenzangu leo amechagua kitu. Nikafikiri labda sasa hata mume atachagua."

Kwa kawaida ningecheka. Nilitokwa na machozi, na nikasingizia moshi, naye akakubali kwamba ni moshi, akasogeza kigoda changu upande mwingine.

Baadaye nilimwuliza kwa namna ambayo sikuwahi kumwuliza. Miezi yote ile nilikuwa nauliza anaonaje, kana kwamba yeye ni mtaalamu wa mianzi. Safari hii nilimwuliza anataka nini.

Alichungulia nje. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu baba mdogo alikuwa uani ananawa.

"Nikisema iachwe, yule mwanangu ataona namtetea marehemu, na yeye aliye hai ananibebea maji kila siku. Nikisema ing'olewe, wewe utaona nimekunyang'anya cha baba yako. Unafikiri nilikupa shamba kwa sababu unajua kulima? Nilikupa ili mtu mwingine alaumiwe."

"Kwa hiyo hutaniambia."

"Sitakuambia. Na sitakulaumu sana."

"Sana?"

"Kidogo nitakulaumu. Mimi ni mtu."

Kumbe alikuwa amepima. Alikuwa amepima zamani, kwa muda mfupi kuliko mimi ninavyochagua uzi, na alichopata ni kwamba mtu yeyote anaweza kuchagua isipokuwa yeye.

Jambo lilikuwa halijaisha, na hili sikulitegemea. Mianzi ikikatwa haifi. Visiki vilikuwa ardhini na mizizi yake hai, na mvua ikishika ingechipua tena. Machipukizi ya kwanza yangekuwa membamba, hayafai kugemwa, lakini baada ya misimu kadhaa shamba lingerudi. Ili kupanda parachichi ilikuwa lazima visiki vichimbuliwe kimoja kimoja. Na baba mdogo alikuwa amewasimamisha vijana.

"Visiki sivigusi mpaka niambiwe," alisema asubuhi iliyofuata. "Kwa maneno. Siyo umesikia nimesikia."

Miche ilikuwa imepangwa ukutani kwenye viriba vyeusi. Mvua ya kwanza ilikuwa imepita na miche imekaa huko siku nyingi mno. Majani ya juu yalianza kujikunja. Kama si kwangu, ilipaswa kupelekwa kwa mtu mwingine siku hiyo.

Nilizunguka shambani peke yangu. Najua nilivyoonekana: msichana wa mjini anayetembea kati ya visiki akisogeza midomo. Nilijaribu kuanza upya, faida huku, hasara huku, na kila nilichogusa kilikuwa kimebadilika. Alasiri za bibi na wazee wake? Kwa misimu kadhaa zilikuwa zimekwenda, niking'oa au nisipong'oa. Mkono wake? Hata mianzi ikirudi, atakuwa ameongeza umri na mteremko ni uleule. Maji? Mpira ulikuwa umeshafika mpakani kwangu. Kila kitu kilielekea upande mmoja, na kilielekea huko kwa sababu ya neno moja nililolisema huku nimebana simu kwa bega. Kosa langu lilikuwa limekaa kwenye mizani kabla sijafika, limevaa nguo za sababu, linaniangalia kama mwenzangu wa siku nyingi. Nilitaka swali langu la kwanza lirudi, lile ambalo lilikuwa bado sawa pande zote. Sijawahi kukasirikia jambo kama nilivyokasirikia kwamba jibu limekuwa rahisi.

Niliwaza nusu. Nusu mianzi, nusu parachichi, na wote wafurahi. Nilimfuata baba mdogo nikamwambia.

"Mizizi ya mwanzi haijui nusu," alisema. "Itatambaa mpaka kwenye miche. Utakuwa umepoteza vyote viwili, na utakuwa umejisifu kwa hekima."

Nilisimama. Kijana mmoja alikuwa anachora chini kwa ncha ya jembe. Bibi alikuwa mlangoni, anajifanya anachambua mboga.

"Basi ng'oeni," nilisema.

"Umesemaje?"

"Ng'oeni visiki, baba. Pandeni miche."

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Isije kesho ukaniambia kukubali ni jambo lingine."

"Baba, nimekubali."

Hakuna nafuu iliyokuja. Yule mtu wa tai alikuwa ameahidi kwamba mtu akishaamua moyo hutulia. Mimi nilijisikia kama siku nilipokata kitambaa cha harusi ya mtu upande usio wake. Kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu, nilichukua sururu nikaenda kwenye kisiki cha karibu.

Mizizi ya mwanzi imesukana kama mkeka. Unapiga, sururu inaruka. Unapiga tena, inanasa, unaivuta kwa mwili mzima. Mpaka mchana nilikuwa nimetoa kisiki kimoja na nusu, na vijana walikuwa wamenipita mbali, na mmoja alisema kwa huruma, "Dada, wewe katushonee suruali." Nikainua sururu tena. Baba mdogo alisema mwacheni.

Alasiri wazee walikuja.

Walikuwa wanajua. Mlima mzima ulikuwa umeona anga jipya lile. Lakini saa yao ilipofika walikuja tu, watatu, mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia, na makoti yao ya baridi. Bibi alikuwa ametoa kiti chake nje, amekaa anatutazama. Aliwakaribisha kwa Kihehe, wakasalimiana kwa mlolongo mrefu kama kawaida yao, wakaulizana afya, mifugo, watoto walio mbali. Kisha wakageukia shamba. Yule mkubwa wao, aliyekuwa rafiki wa babu, aliegemea fimbo yake akatazama mashimo kwa muda.

"Nani ameamua?" aliuliza.

Baba mdogo alifungua mdomo, nadhani kunisaidia. Bibi alimwahi. Hakusema habari ya simu wala ya kutoelewana. Aliinua kidevu kunielekea.

"Huyu hapa."

Nilinyooka. Mgongo uliniuma na viganja vilikuwa vimechubuka. Sababu zangu zote zilikuwa tayari, kwa mpangilio, kuanzia mkono wa bibi mpaka mpira wa maji, na nilikuwa hata nimeandaa sehemu ya kukubali kwamba huenda nimekosea. Nilisubiri aniulize kwa nini.

"Mimi nilikuwa napenda ulanzi wa kona ile," alisema mzee, akionyesha kwa fimbo mahali ambapo palikuwa na shimo. "Ulikuwa unachelewa kuchacha."

"Wa kule chini ulikuwa mzuri zaidi," alisema mwenzake.

"Wa kule chini ulikuwa maji."

"Kwa sababu ulikuwa unakuja umechelewa, unakuta mabaki."

Wakaendelea kubishana, kila mmoja akionyesha shimo lake. Walitafuta pa kukaa, na kwa kuwa magogo ya uani yalikuwa yamesogezwa, walikaa juu ya rundo la mianzi iliyokatwa. Likabiringika kidogo chini yao, wakashikana, wakatulia. Bibi aliwaambia hana cha kuwapa leo isipokuwa chai. Walisema chai ni nzuri, kwa sauti ya watu walioambiwa habari ya msiba.

Niliendelea kusimama pale kwa muda, sururu mkononi, nikisubiri mtu ageuke aniulize. Hakuna aliyegeuka. Baba mdogo alikuja akanionyesha mzizi uliobaki, akasema nisipoutoa wote utachipua, nami nikainama nikaupiga.